Pumzi ya Panya na Saini ya Chuo

Panya mdogo wa maabara ana uzito wa gramu 20 hadi 30. Akivuta pumzi, hewa inayoingia kifuani mwake ni karibu mililita 0.2, ujazo wa matone manne hivi ya maji. Mwezi Machi mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, Marekani, kilikubali kuilipa serikali dola milioni 112.5 kutokana na madai kwamba namba zilizosemekana kupimwa kwenye pumzi za namna hiyo hazikuwa za kweli.

Hewa kidogo namna hiyo inazaaje deni la ukubwa huo? Jibu lina fizikia kidogo, hesabu ya darasani na sheria mbili tatu. Lina pia watu ambao wasomaji wa sayansi huwasikia mara chache: mawakili wanaovishauri vyuo vikuu na mashirika yasiyo ya faida, waliokaa katikati ya maabara, mfadhili na mamlaka ya kodi. Kazi yao haieleweki mpaka uielewe ile pumzi. Kwa hiyo tuanze na panya.

Mgonjwa wa pumu hukosa hewa kwa sababu misuli laini inayozunguka njia zake za hewa hujikaza, na njia hizo zikawa nyembamba. Tukitaka kujua kama kitu fulani, tuseme hewa chafu ya mjini, kinazidisha tatizo hilo, lazima tupime wembamba huo. Panya hawezi kutueleza anavyojisikia, na huwezi kupeleka rula ndani ya mapafu yake akiwa anapumua. Inabidi kupima kitu kingine kinachobadilika pamoja na wembamba.

Kitu hicho ni ukinzani. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, mrija huingizwa kwenye koo lake, na pistoni inayoongozwa na kompyuta husukuma ndani hewa ya ujazo unaojulikana. Mashine hurekodi mambo mawili kwa pamoja: hewa inapita kwa kasi gani, na inahitaji kanieneo kiasi gani ili ipite. Gawanya kanieneo kwa kasi ya mtiririko, umepata ukinzani. Anayekunywa dafu kwa mrija mpana haoni taabu. Mpe mrija mwembamba, mashavu yataingia ndani na maji yatakuja kidogo kidogo. Mashine inapima taabu ya yale mashavu.

Sasa angalia ukali wa uhusiano wenyewe. Daktari Mfaransa Jean Poiseuille, aliyekuwa akitaka kujua damu inavyopita kwenye mishipa midogo, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba mtiririko ndani ya mrija hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Kipenyo kikipungua hadi nusu, ukinzani haupandi mara mbili, unapanda mara 16. Kikipungua kwa moja ya tano tu, yaani kikabaki 0.8 ya awali, tunazidisha 0.8 kwa yenyewe mara nne na kupata takriban 0.41, ukinzani umepanda karibu mara 2.4. Mapafu halisi si mrija mmoja ulionyooka, yana matawi mengi na kuta zinazonyumbulika, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria. Hata hivyo inaeleza kwa nini wanasayansi wanaupenda ukinzani: badiliko dogo la njia ya hewa hutoa badiliko kubwa la namba. Inaeleza pia kwa nini ukinzani ni mahali pa hatari. Mtu akiigusa namba hiyo kidogo tu, hitimisho zima linaweza kugeuka.

Jaribio lenyewe huwa na makundi mawili. Panya wa kundi la kwanza huvuta hewa safi. Wa kundi la pili huvuta, kwa mfano, ozoni, gesi inayotokea karibu na ardhi pale moshi wa magari na viwanda unapokutana na jua kali. Kisha wote hupewa methakolini, dawa inayokaza misuli ya njia za hewa, kwa dozi zinazopanda, na kila dozi hupimwa ukinzani wake. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya makundi hayo mawili. Namba ya panya mmoja haina maana kubwa, kwa sababu panya hutofautiana kama watu wanavyotofautiana. Ndiyo maana hutumiwa wanyama kadhaa katika kila kundi, na jaribio hurudiwa. Mambo haya hayaishii maabara. Mwaka 2015 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha ozoni kinachoruhusiwa hewani hadi sehemu 70 kwa bilioni, na viwango vya aina hiyo hupangwa baada ya kupitia tafiti nyingi za wanyama na za binadamu.

Tusimame hapa kidogo. Namba iliyoandikwa kwenye jedwali la maabara ni kiasi, lakini ni ushahidi pia kwamba tukio fulani lilitokea: siku ile, mnyama yule wa kundi lile aliunganishwa na mashine ile, na mashine ikasoma hivi. Mashine ikiwa imerekebishwa vibaya, namba itakuwa na kosa, na kosa linaweza kutafutwa na kusahihishwa. Tukio likiwa halikutokea kabisa, hakuna cha kusahihisha.

Sheria ya Marekani inaitambua tofauti hiyo. Ufafanuzi wa serikali kuu uliotolewa mwaka 2000 unataja aina tatu za ukiukaji katika utafiti: kubuni data, kupotosha data na kuiba kazi ya mwingine. Kosa la kweli lililofanywa kwa nia njema limeachwa nje, na tofauti ya maoni kati ya wasomi vilevile. Tuhuma ikifika mezani, jambo la kwanza ambalo wakili wa chuo anataka kulijua ni lile lile analotaka kulijua mwanasayansi mwangalifu: faili ghafi la mashine liko wapi, na linasema nini likiwekwa pembeni ya jedwali lililochapishwa?

Huko Duke, mambo yalianza kufumuka mwaka 2013 kwa njia isiyohusu sayansi. Fundi wa maabara ya mapafu aligundulika kuwa ametumia fedha za chuo kwa manunuzi yake binafsi. Aliyedanganya kwenye risiti huzua swali kuhusu majedwali yake, na majedwali yalipokaguliwa, makala kadhaa za kisayansi zikaondolewa kwenye majarida. Kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, data iliyobuniwa au kupotoshwa iliingizwa, kati ya 2006 na 2018, kwenye maombi na ripoti za ruzuku 30 zilizotoka kwa EPA na kwa Taasisi za Taifa za Afya, NIH kwa kifupi.

Namba ilifikaje Washington? Ruzuku ya NIH huombwa kwa andiko lenye matokeo ya awali: tumeshaona dalili hii, tupeni fedha tuichunguze zaidi. Fedha zikitoka, chuo hutuma ripoti ya maendeleo kila mwaka, na ripoti hiyo ndiyo inayofungua fungu la mwaka unaofuata. Namba moja mbovu inaweza kukaa kwenye andiko la kwanza, ikarudiwa kwenye ripoti, kisha ikawa msingi wa andiko la mtafiti mwingine kabisa aliyeiamini. Watu wengi husahau hapo kwamba ruzuku hapewi profesa. Hupewa chuo. Profesa ni mtafiti mkuu, lakini anayetia saini kuthibitisha kwamba maelezo yote ni ya kweli ni ofisa aliyeidhinishwa na chuo, ambaye huenda hajawahi hata kuiona hiyo mashine ya panya.

Saini hiyo ndiyo inayoiamsha sheria iliyopitishwa mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, chini ya Rais Abraham Lincoln. Wafanyabiashara walikuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu, na Bunge la nchi hiyo likatunga sheria dhidi ya madai ya uongo kwa serikali. Lengo lilikuwa wazabuni wa jeshi. Leo inawafikia hospitali, makandarasi na vyuo. Mtu akiidai serikali fedha huku akijua kwamba dai lake ni la uongo, hulipa fidia mara tatu ya hasara, pamoja na faini kwa kila dai. Hiyo mara tatu iliwekwa na marekebisho ya mwaka 1986.

Neno zito hapo ni “akijua”, na sheria imelipa milango mitatu. Wa kwanza ni kujua kweli. Wa pili ni kufumba macho makusudi ili usijue. Wa tatu ni kutojali kupita kiasi kama dai ni la kweli au la uongo. Chuo kinaweza kuingia kwa mlango wa tatu bila mkuu wake yeyote kubuni namba hata moja: dalili zilionekana, watu walinong'ona, na maandiko yakaendelea kutiwa saini. Kwa maoni yangu, mlango huu wa tatu ndio unaowapa mawakili wa vyuo kazi nyingi kuliko ile miwili mingine ikijumlishwa.

Hasara yenyewe inapimwaje? Chuo kingeweza kujitetea hivi: mishahara ililipwa, panya walilishwa, majaribio mengine yalifanyika kwa uaminifu, basi serikali ilipata kitu. Mahakama ya Rufaa ya Marekani yenye makao New York ilikutana na hoja ya aina hiyo mwaka 2012, katika kesi iliyohusu ruzuku ya mafunzo ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Cornell. Ilikubali kwamba hasara ni ruzuku nzima. Serikali ilikuwa imelipia programu mahususi yenye faida kwa umma. Isipopata programu hiyo, hakuna bidhaa mkononi ambayo thamani yake ingepunguzwa kwenye deni. Ruzuku nzima mara tatu: hesabu hiyo ikiwa mezani, ni rahisi kuona kwa nini chuo hukubali kulipa mamilioni badala ya kungoja hukumu. Malipo ya Duke yalikuwa makubaliano ya aina hiyo.

Sheria ya 1863 ina kifaa kingine kisicho cha kawaida. Raia anaweza kufungua kesi kwa niaba ya serikali, kesi ikawekwa siri kwa siku zisizopungua 60 ili serikali ichunguze, na ikishinda yeye hupata kati ya 15% na 30% ya fedha zinazorudishwa. Mtoa taarifa wa Duke alikuwa mfanyakazi wa zamani wa chuo hicho hicho. Alipata dola milioni 33.75, yaani 30% kamili. Wapo wanaokereka na zawadi kubwa namna hiyo. Mimi naona ina mantiki: maabara ni chumba kidogo, na anayejua kama mashine iliwashwa siku ile ni yule aliyekuwa chumbani.

Basi wakili anashauri nini tuhuma inapotokea? Jambo la kwanza ni kushika ushahidi. Kanuni za afya za serikali kuu zinakitaka chuo kichukue kumbukumbu zote zinazohusika, madaftari, diski na faili za mashine, kabla ya mtuhumiwa kupewa taarifa au wakati huo huo anapopewa, wala si baada yake. Kisha unafuata uchunguzi wa awali wa kuona kama kuna hoja, na ikionekana ipo, uchunguzi kamili. Maandiko yanayosubiri uamuzi wa mfadhili hupitiwa, na yenye data yenye mashaka hurekebishwa au huondolewa.

Wakili anapomhoji profesa, anapaswa kumweleza tangu mwanzo kwamba mteja wake ni chuo. Desturi hiyo inatokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1981 iliyoihusu kampuni ya dawa ya Upjohn. Siri ya mazungumzo hayo ni mali ya chuo, na chuo kinaweza kuamua kuikabidhi kwa serikali. Profesa anayedhani amempata wakili wake mwenyewe anaweza kujikuta ameongea mengi.

Tugeukie kodi, na mashine ibaki ile ile.

Duke ni chuo binafsi kisicho cha faida. Mashirika ya namna hiyo hayalipi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa sababu ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kinachotaja, miongoni mwa malengo mengine, dini, hisani, elimu na sayansi. Mantiki yake inafanana na ya ruzuku. Serikali inaiacha fedha ambayo ingeikusanya, na umma unatarajia kupata kitu badala yake. Swali la wakili wa kodi linakuwa: je, umma umekipata?

Tuseme Jumatatu mashine yetu inapima kama ozoni huongeza ukinzani kwa namna ambayo haijaelezwa bado. Jumanne kampuni ya dawa inalipa ili makundi ya bidhaa yake yapitishwe kwenye mashine hiyo hiyo, kwa utaratibu ule ule, ili kuthibitisha kwamba kila kundi ni sawa na lililotangulia. Panya ni wale wale, fundi ni yule yule, fizikia haijabadilika. Lakini kanuni za kodi zinasema utafiti wa kisayansi haujumuishi upimaji na ukaguzi wa kawaida wa bidhaa unaofanywa kama sehemu ya biashara. Kazi ya Jumatatu ina swali ambalo jibu lake halijulikani. Ya Jumanne ni huduma, na mapato yake yanaweza kutozwa kodi ya 21% kama biashara isiyohusiana na lengo la chuo.

Kodi hiyo ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1947 kampuni ya tambi ya C. F. Mueller iliwekwa chini ya umiliki wa kunufaisha shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha New York, na faida ya tambi ikadaiwa kuwa haitozwi kodi kwa kuwa inakwenda kwenye elimu. Watengenezaji wengine wa tambi hawakufurahi, na mwaka 1950 Bunge likaweka kodi juu ya mapato yasiyohusiana na lengo la taasisi. Utafiti unaofanywa na vyuo na hospitali ukapewa nafasi ya kutotozwa hata unapolipiwa na kampuni, mradi uwe utafiti kweli. Kwa hiyo kila mkataba na kampuni huleta tena swali la Jumatatu na Jumanne, na wakili asiyeelewa kinachofanyika kwenye mashine hawezi kulijibu.

Jengo lenyewe huleta swali la pili. Maabara nyingi za Marekani hujengwa kwa hati fungani ambazo riba yake haitozwi kodi. Wanunuzi hukubali riba ndogo, na chuo hukopa kwa bei nafuu. Sharti lake ni kwamba kwa taasisi za 501(c)(3), matumizi ya biashara binafsi ndani ya jengo yasizidi 5%. Hupimwa kwa nafasi na muda. Chukua jengo la mita za mraba 2,000 lililojengwa lote kwa fedha hizo. Kampuni moja inatumia mita 80 mwaka mzima. Nyingine inatumia mita 120 kwa nusu mwaka, ambazo ni sawa na mita 60 kwa mwaka mzima. Jumla ni 140, gawanya kwa 2,000, umepata 7%. Hali ikiendelea hivyo, kwa wastani wa miaka yote ya deni mstari umevukwa, na wanunuzi wa hati fungani wanaweza kuambiwa kwamba riba yao ilistahili kodi. Tena ile 5% haibaki yote kwa kampuni, kwa sababu gharama za kuuza hati zenyewe hula sehemu yake.

Mamlaka ya kodi ilitoa mwongozo mwaka 2007 unaoruhusu mikataba ya utafiti isihesabiwe humo, iwapo utafiti ni wa msingi na kampuni italipa bei ya soko kwa leseni, bei inayopangwa pale ugunduzi unapokuwa tayari. Mkataba unaopanga bei leo kwa ugunduzi ambao haujazaliwa unaiondoa kinga hiyo. Nani angedhani kwamba tarehe ya kupanga bei ya leseni inaweza kugusa riba ya mstaafu aliyenunua hati fungani?

Haya yanatufikia hata huku kwetu. Miaka mingi fedha za NIH zimepita kwenye vyuo vya Marekani na kushuka hadi taasisi za Tanzania, Kenya na Uganda kama ruzuku ndogo, na masharti yakashuka pamoja nazo. Idhini ya kamati ya maadili ya Marekani haiondoi ile ya taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na ya tume ya sayansi, COSTECH, nchini Tanzania, au ya tume ya sayansi, NACOSTI, nchini Kenya. Taasisi za nje ya Marekani kwa kawaida zilipewa 8% tu ya gharama za moja kwa moja ili kulipia umeme, uhasibu, kumbukumbu na usimamizi, wakati vyuo vya Marekani vilikuwa vikijadiliana na serikali yao viwango vya juu zaidi, vingi vikizidi 50%. Mzigo wa kuthibitisha ukweli wa namba ulikuwa ule ule. Naona hilo halikuwa haki, na wanaojadili mikataba mipya kwa niaba ya taasisi zetu wanapaswa kulisema mezani kabla ya kutia saini.

Wakati huo huo, kama unaendesha maabara au mradi wenye fedha hizo, angalia muda wa kutunza kumbukumbu. Kanuni ya jumla ya ruzuku za serikali kuu ya Marekani inataka miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha. Kesi chini ya sheria ya 1863 inaweza kufunguliwa kwa kawaida ndani ya miaka 6, na katika hali fulani hadi miaka 10. Usifute faili ghafi la mashine mwaka wa nne.